Usiulize daraja, uliza mto: namna ya kukusanya miiko na hadithi za daraja la zamani huku kwetu Kigoma

Mi nilianza vibaya kwaiyo ngoja niwaambie kosa langu kwanza. Nilifunga safari mpaka vijiji vya kando ya reli, kule mto Malagarasi unapokatiza, nina simu, nina daftari, najiona mtafiti kabisa. Nikamkuta mzee mmoja amekaa chini ya mwembe anasikiliza redio, nikamwamkia shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, afu hata sijakaa vizuri nikamrushia swali, babu kuna imani gani za kishirikina kuhusu lile daraja la reli. Akaniangalia tu. Akasema sisi hapa ni watu wa dini bwana, akaongeza sauti ya redio. Nikabaki naangalia kuku mpaka jua linazama.

Kesho yake nikarudi na kilo ya sukari na mche wa sabuni, safari hii nikauliza kitu kingine kabisa: babu, kabla ya treni kuja wazee wenu walikuwa wanavuka wapi? Aisee. Alizima redio mwenyewe. Tulikaa mpaka adhuhuri, akaniambia habari za mitumbwi, za babu yake, za nani alikuwa na haki ya kuvusha watu na nani hana, na bila mimi kuuliza akafika kwenye miiko yote niliyokuwa naitafuta jana yake.

Ndo maana nasema usiulize daraja. Daraja limekuja juzi tu, mto ulikuwepo, na kivuko kilikuwepo, karibu kila unachosikia kinasemwa kuhusu daraja ukikifuatilia unakuta kilikuwa cha mtoni kabla hata chuma cha kwanza hakijashushwa.

Nawapa mfano wa nyumbani. Bibi yangu wa Ujiji, Mmanyema, tulikuwa tukipanda naye treni kwenda Tabora, tukikaribia daraja alikuwa anatunyamazisha wote. Hakuna kuongea, hakuna kuita mtu jina, hakuna kucheka, mpaka ile sauti ya magurudumu ibadilike ujue mmerudi kwenye tuta. Mi nilijua ni mambo ya bibi tu. Miaka mingi baadae yule mzee wa chini ya mwembe ananiambia kwenye mtumbwi ilikuwa marufuku kupiga kelele, kwasababu ya viboko, afu mpiga kafi anatakiwa asikie maji, na ukiita jina la mtu kwa nguvu akashtuka akasimama mtumbwi unapinduka. Nikakaa kimya. Yani mwiko ulishuka kwenye mtumbwi ukapanda treni, na bibi yangu aliupokea hivyohivyo bila maelezo, akatupa sisi.

Sasa kabla hujaenda popote soma kidogo historia ya sehemu yako, sio ili uwafundishe wazee (ukianza kuwafundisha umeisha), ni ili ukisikia kitu ujue kimekaa wapi. Kwa Malagarasi haya ndo ya kushika. Ile ilikuwa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kupita Tabora kwenda Ujiji, pembe za ndovu, watumwa, chumvi ya Uvinza, wapagazi wengi wao Wanyamwezi. Wale wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walivuka pale 1858 wakienda kuliona ziwa Tanganyika, na Burton ameandika habari za mkubwa wa kivuko, mutware, ambaye hupiti bila kumlipa nguo na shanga. Stanley nae 1871 akiwa anamtafuta Livingstone alibishana sana bei ya kuvushwa, afu akavuka, afu punda wake mmoja anaogeleshwa na kamba shingoni akakamatwa na mamba katikati ya mto akaenda nae. Huyo punda usimdharau, ukifika kwa wazee ukaanza na stori ya punda wa Mzungu kuliwa na mamba watacheka na watakupa za kwao tatu.

Reli yenyewe Wajerumani waliianza Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912, ikafika Kigoma mwanzoni mwa 1914, na mwaka huohuo vita ya kwanza ya dunia ikaanza. 1916 wakiwa wanarudi nyuma walikuwa wanavunja madaraja ya reli ya kati ili adui asiyatumie. Kwaiyo mtu akikwambia daraja hili lilivunjika kwasababu mto ulikataa, andika hivyohivyo alivyosema, lakini pembeni jiulize kama ni mto au ni baruti. Na usichanganye madaraja! Kuna la reli na kuna la barabara, lile la Kikwete, limejengwa juzijuzi tu miaka ya 2010 kwa mkopo wa Korea Kusini, mita 275 hivi, na barabara zake za kuunganisha kilomita 48. Vijana wengi ukiwaambia daraja la Malagarasi wanawaza hilo. Nimeshawahi kurekodi nusu saa nzima kumbe mimi naongelea la reli mwenzangu anaongelea la lami.

Wa kumuuliza nani? Watu wanakimbilia mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti nenda kwake ndio, ni adabu, jitambulishe, mwambie umekuja kufanya nini, ila usitegemee stori kwake, atakupa hotuba. Walio na vitu ni hawa: wavuvi na wapiga kafi, wale wazee waliofanya kazi gengi ya reli (hawa ni dhahabu, wamelala kando ya daraja miaka na miaka, wanajua kila mlio wake usiku), kina mama wauza samaki, ndizi na karanga wanaokimbilia madirisha ya treni stesheni, na mabibi. Kwa Waha kuna mteko pia, mtu wa ardhi na mizimu ya mahali, kama sehemu yako bado ana heshima yake usiandike chochote cha tambiko kabla hujapita kwake. Ukipita bila ruhusa utaambiwa uongo kwa makusudi na utaustahili.

Ukifika kwa mtu kaa chini. Salamia vizuri, uliza za nyumbani, za shamba, za watoto, usiwe na haraka ya mjini. Simu iache mfukoni mpaka muwe mmeshazoeana ndo uombe, babu naomba nirekodi sauti nisije nikasahau maneno yako, akikataa kubali, chukua daftari. Zawadi ni sukari, sabuni, chumvi, majani ya chai, kwa bibi kanga ikiwezekana. Pesa taslimu mi siipendi mwanzoni maana ukitoa elfu kumi kwa stori ya kwanza kesho kijiji kizima kina majini darajani.

Na maneno ya kutumia ndo kila kitu. Usiseme ushirikina, usiseme imani potofu, hayo maneno yana hukumu ndani yake, hakuna mtu atajisema yeye ni mshirikina. Sema miiko, sema mila, sema wazee walikuwa wanatukataza nini. Maswali yaliyonisaidia mimi ni kama haya: ulipokuwa mdogo bibi yako alikukataza kufanya nini mtoni? Ukivuka mara ya kwanza unafanya nini? Bwana harusi akienda kuchukua mke ng'ambo ya mto, wakirudi kuna kitu wanadondosha majini? Mtu akifa maji anatafutwa vipi, nani anaanza kushuka? Sehemu gani ya mto watu hawachoti maji? Hilo la mwisho liulize hata kama umechoka. Halafu ukishapata jibu nyamaza. Kweli, nyamaza, hesabu mpaka kumi kichwani, mzee akiona umenyamaza ataongeza, na kile anachoongeza ndo chenyewe.

Miaka usiulize kwa namba. Mzee hakumbuki 1962 ila anakumbuka mvua za uhuru. Uliza ilikuwa kabla au baada ya mvua za uhuru, kabla ya Operesheni au baada, vita ya Iddi Amin ulikuwa una watoto wangapi, El Nino maji yalifika wapi. Mvua za uhuru ni 1961 kuja 62, Operesheni Kigoma ni 1972, vita ni 78 na 79, El Nino ni 97 kwenda 98, ukiwa na hizo misumari minne unaweza kutundika karibu kila stori. Na hiyo Operesheni ina jambo lake. Watu walihamishwa kutoka kwenye vitongoji vya zamani wakapelekwa vijiji vipya barabarani, makaburi na miti ya matambiko ikabaki porini, kwaiyo unaweza kukuta mtu anajua mwiko lakini hajui sehemu, au anajua sehemu lakini kilichokuwa kinafanyika pale alimwachia baba yake. Hapo usilazimishe, andika ulichopewa na umuulize ni ukoo gani ulikuwa unashughulika na pale, utaufuata ukoo mpaka kijiji kingine.

Sasa ukisharudi na mkoba wako wa stori kuna kazi ya kuzichambua. Mimi nazitenga kwa swali moja tu, hii stori ina mwenyewe au inasafiri? Stori yenye mwenyewe inataja jiwe fulani, kona fulani ya mto, mti, ukoo. Inayosafiri unaikuta kila mahali. Mfano yule mwanamke mzuri kavaa nguo nyeupe anasimamisha bodaboda usiku karibu na daraja, kapakizwa, wakifika katikati ya daraja dereva anaangalia chini anaona kwato. Nimeambiwa Kigoma, nimeambiwa Tabora, nikaenda Tanga kwa shemeji nikaambiwa na huko, kwato zilezile. Na ukiuliza nani alimpakiza, ni rafiki yake na mtu. Siku zote rafiki yake na mtu. Usiitupe lakini, iandike, weka alama inasafiri, afu uangalie imebadilika nini ilipofika kwenu, maana huku kwetu niliipata toleo moja yule mwanamke alikuwa amebeba dumu la mawese na dereva akajua sio binadamu kwasababu dumu halikuwa na uzito. Hicho kipande cha mawese ni cha Kigoma, hakuna aliyekileta.

Chunusi, yule jini wa majini, ni habari nyingine, hapo kuna utamu. Kila daraja la zamani lina chunusi wake chini ya nguzo, anavuta watu miguu, hasa vijana wanaoogelea. Na cha ajabu wazee wanataja nguzo kabisa, sio ile, ile ya pili. Mi nilikuwa naona ni mbwembwe mpaka nilipokaa na fundi mmoja wa ujenzi akanichorea chini kwa kijiti. Maji yakikutana na nguzo hayapiti hivihivi, yanapasuka pande mbili yanajizungusha, na ule mzunguko unachimba mchanga kwenye mguu wa nguzo mwaka hadi mwaka, linatokea shimo. Kwaiyo unaogelea sehemu maji yako kifuani, hatua mbili hakuna chini, na maji yanakuzungusha yanakurudisha palepale kwenye nguzo. Mafundi wenyewe wanaogopa hilo shimo maana ndo linaangusha madaraja wakati wa mafuriko. Sasa niambie, bibi anayemwambia mjukuu wake nguzo ya pili ina chunusi, na injinia anayepima kina cha shimo kwenye nguzo ya pili, nani kawahi? Ukiandika chunusi andika na nguzo ipi, msimu gani, na kama kuna mtu alizama pale lini. Ila usiende kumwambia bibi kwamba umegundua chunusi ni mzunguko wa maji. Atakuuliza nani anauzungusha, na huna jibu.

Halafu kuna mumiani. Hapa nenda taratibu. Neno lenyewe zamani lilikuwa dawa, kitu cheusi kama lami kilichouzwa pwani, baadae likageuka likawa mtu anayenyonya watu damu kwa ajili ya dawa hiyo, na enzi za mkoloni uvumi huo ulienea Afrika Mashariki nzima, wazima moto, wapima ardhi, wazungu wenye hema porini, wote waliitwa mumiani au chinjachinja. Kwenye madaraja umekaa vizuri sana: nguzo haisimami mpaka ipewe kichwa cha mtu. Utotoni tuliambiwa tusipite karibu na mafundi wa barabara, watatukata vichwa watumbukize kwenye zege. Watu wanadhani ni ujinga wa huku kwetu, wakati Wagiriki wana wimbo wa zamani wa daraja la Arta, kwamba lilikuwa linaanguka kila usiku mpaka fundi mkuu akamzika mke wake kwenye msingi. Na hapo jirani Kenya, 1898, wakati wanajenga daraja la reli Tsavo simba wawili walikuwa wanawatoa vibarua kwenye mahema usiku, vibarua wakasema hao sio simba, ni mizimu ya machifu wa zamani wamekasirika reli kupita kwenye nchi yao. Simba waliuawa Desemba mwaka huo, leo wako makumbusho Chicago wamejazwa. Kariba nako, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, mto Zambezi ulipofurika 1957 na tena 1958 ukaharibu kazi ya bwawa, Watonga walisema ni Nyaminyami, mwenye mto.

Mi nikiangalia zote hizo naona watu walikuwa wanasema kitu kimoja ambacho kwenye vitabu vya reli hakipo, kwamba kazi ile ilikula watu. Vibarua walikufa kwa homa, kwa ajali, na majina yao hayajaandikwa kwenye nguzo yoyote. Kwaiyo mtu akikwambia chini ya daraja kuna kichwa, muulize cha nani. Uliza ukoo gani ulipoteza mtu kipindi cha ujenzi, nani aliondoka kwenda kibarua cha reli hakurudi. Mara mbili nimeuliza hivyo na mara mbili nimepewa jina la mtu wa kweli, babu wa mtu, na familia ilikuwa haijawahi kuulizwa.

Ila kuna mstari wa kutovuka. Mtu akianza kukutajia jirani yake aliye hai, fulani ndo mwenye chunusi, bibi fulani ndo anafuga mamba, zima simu. Usirekodi, usiandike hata herufi ya kwanza ya jina. Huku kwetu vikongwe wameshauawa kwa macho mekundu tu, macho ya moshi wa kuni, na stori yako ukiipost ikasambaa kwenye magrupu utakuwa umebeba panga bila kujua.

Usalama wako na wenyewe. Usitembee juu ya daraja la reli kupiga picha, ni kosa, na treni ukiwa katikati huna pa kukimbilia, chini ni mto. Ukitaka picha ongea na stesheni masta kwanza, ukikataliwa usibishane, panda treni ya abiria ukae dirishani, unaliona lote bure. Kando ya mto usichuchumae kunawa mikono kama hujaona wenyeji wananawa hapo, mamba wapo, yule punda wa Stanley sio hadithi. Jioni viboko wanapanda kula majani, waachie njia yao. Msimu mzuri ni kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa tisa, bodaboda inafika na wazee wana nafasi maana mavuno yamekwisha. Masika huko kwenye mbuga ya Malagarasi ni maji matupu, ardhioevu ile ni kilomita za mraba zaidi ya elfu thelathini, usijaribu kujifanya komando.

Vifaa sina mengi. Simu, pawabenki, daftari, kalamu mbili. Kila sauti ukirekodi sema mwanzoni tarehe, kijiji na unaongea na nani (kama karuhusu jina), maana ukirudi na faili thelathini zimeandikwa rekodi mpya, rekodi mpya moja, rekodi mpya mbili, utalia. Kama mzee anaongea Kiha au Kivinza mwache aongee lugha yake, tafuta kijana wa palepale akutafsirie baadae, ukimlazimisha Kiswahili miiko inakauka, kuna maneno ya mtoni hayana Kiswahili.

Na fanya sasahivi. Reli ya kisasa Tabora mpaka Kigoma inajengwa, kilomita 506, ina madaraja yake mapya na nguzo zake mpya, na nikiwa stesheni juzi nilimsikia mama muuza karanga anamwambia mwenzie watoto wasisogee kwa wale mafundi. Nikatoa daftari palepale.

Ukimaliza kuandika rudi ukawasomee. Wengi hawarudi, ndo maana wazee wamechoka na watu wa madaftari. Mi nilirudi kwa yule babu wa mwembe nikamsomea ukurasa mzima, akasikiliza kafumba macho nikajua amelala, nilipofika mwisho akasema umekosea, mi sikusema babu yangu alivushwa na mtumbwi wa mninga, nilisema wa mkuyu, mninga alikuwa nao mutware peke yake. Nikakata, nikaandika mkuyu, akaniambia haya sasa soma tena kuanzia mwanzo.